Tangi la plastiki limepasuka: soma ufa kwanza, ndipo uite fundi

Lita 1,000 za maji ni tani moja. Simtanki ya lita 5,000 iliyojaa juu ya mnara nyuma ya nyumba imebeba tani tano, na sehemu ya chini ya ukuta ndiyo inayoumia zaidi. Maji yakiwa na kina cha mita 2, kipande cha ukuta cha sentimita 10 kwa 10 pale chini kinasukumwa nje kwa uzito wa kilo 20, usiku na mchana. Plastiki nzuri huhimili hilo miaka mingi bila shida. Ukiona imepasuka, jua kuna kitu kimeiongezea mzigo mahali pamoja: bomba linaloning'inia, jiwe chini ya kitako, mtu aliyesimama juu ya paa lake, au jua lililoikausha mpaka ikapoteza mnyumbuko. Mahali ufa ulipo ndipo panapokuambia ni kipi. Ukiziba na kuacha kisababishi palepale, ufa mwingine utaanza pembeni ya kiraka.

Jambo la pili la kujua mapema: gundi haishiki. Matangi haya hutengenezwa kwa unga wa polietilini unaoyeyushwa ndani ya kalibu inayozunguka kwenye tanuri. Polietilini ni plastiki ya utelezi, haipendi kushikana na kitu kingine. Gundi ya mabomba ya PVC, supagluu, silikoni, gundi ya mchanganyiko wa mirija miwili, zote hukauka vizuri juu yake, hupendeza siku tatu, kisha hubanduka kama ganda la yai. Kinachofanya kazi ni kuyeyusha plastiki ya aina ileile ikaungana na ukuta, au kubana kwa boliti na mpira.

Je, kweli ni ufa?

Tangi linaweza kulowa nje asubuhi kwa jasho tu, hasa likijazwa maji baridi ya kisima usiku wenye unyevu. Mara nyingine maji hutoka kwenye koneka (kiungo kinachofunga bomba kwenye tundu la tangi) au bomba la maji ya ziada na kuteremka ukutani mpaka yakaonekana yanatoka kwingine. Funga koki zote jioni, zuia na maji yanayoingia, kisha ingiza fimbo kavu kupitia mdomo wa juu na uweke alama kina kilipofika. Rudia asubuhi. Kiwango kikiwa kimeshuka, acha kiendelee kushuka mpaka kisimame chenyewe. Mahali kiliposimama ndipo urefu wa ufa wako, au tuseme ncha yake ya chini. Sasa kausha ukuta kwa kitambaa kuzunguka urefu huo, ongeza maji kidogo yapite hapo, na upake unga wa chaki au hata unga wa sembe. Mstari wa unga uliolowa utajichora wenyewe, mwembamba kama unywele, na utashangaa ulivyo mrefu kuliko ulivyodhani.

Ufa unaozunguka toleo la maji

Huu ndio unaoonekana kuliko yote. Huanza kwenye ukingo wa tundu la koneka na kukimbia kwa mshazari, wakati mwingine miwili au mitatu kama miale. Chanzo ni kimoja kati ya vitatu, na mara nyingi vyote vipo pamoja.

Kwanza, bomba gumu. Polietilini hutanuka sana kwa joto. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.8 likipanda kutoka nyuzi 20 za alfajiri hadi 55 za ukuta unaopigwa na jua la saa nane mchana, linatanuka takriban sentimita 1, ilhali bomba la chuma la urefu uleule halifiki hata milimita 1. Ongeza na kule kuvimba kwa tangi kila linapojaa na kunywea kila linapoisha. Kwenye maeneo ya mgao, hilo hutokea mara kadhaa kwa wiki. Bomba la chuma au la PPR (plastiki ngumu) lililonyooka kutoka kwenye koneka na kushikiliwa ukutani kwa klampu halitaki kusogea, kwa hiyo anayesogea ni ukuta wa tangi, na anasogea palepale kwenye tundu. Weka hosi ya kunyumbulika ya sentimita 30 hadi 60 kati ya koneka na bomba, na uiache na ulegevu kidogo. Koki ya shaba ya inchi 2 nayo ina uzito, hivyo iegemeze kwenye tofali au mguu wa chuma, isibebwe na plastiki.

Pili, tundu lenyewe. Fundi akitoboa kwa nondo iliyopashwa moto au kwa kisu, ukingo unabaki na vijino. Kila kijino ni mwanzo wa ufa. Tundu litobolewe kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, mahali palipo bapa, na ukingo usafishwe kwa kisu kikali mpaka kidole kikipita kisikwame popote.

Tatu, kukaza kupita kiasi. Mpira wa koneka ukae upande wa ndani, kati ya kichwa cha koneka na ukuta, na nati ikazwe kwa mkono mpaka igome, kisha spana iongeze robo mzunguko. Basi. Ikivuja baada ya hapo, mpira umekaa vibaya au tundu halikutobolewa mahali bapa, na kukaza zaidi hakutibu lolote kati ya hayo.

Habari njema ni kwamba ufa wa hapa, ukiwa mfupi, unaondolewa wote bila kuchomelea chochote. Kama tundu ni la koneka ya inchi 1 na ufa una kama sentimita 1, panua tundu kwa msumeno wa koneka ya inchi 2 ili duara jipya liumeze ufa wote hadi ncha, kisha funga koneka kubwa na kuipunguza kwa rediusa. Hata ufa mfupi ulioko mbali na toleo unaweza kukatwa hivyohivyo na kuzibwa kwa koneka yenye kizibo. Ni dawa isiyopendeza machoni, lakini inadumu kuliko viraka vingi.

Kona ya kitako

Ufa unaofuata mkunjo wa chini, pale ukuta unapokutana na kitako, ni habari mbaya. Hapo ndipo shinikizo la maji na uzito wote hukutana. Tazama msingi kabla ya kulaumu tangi. Mnara wa mbao zilizoachana unafanya kitako kibonyee kwenye nafasi kati ya mbao na kibebwe kwenye kingo zake tu. Sahani ya zege iliyo ndogo kuliko kitako huacha ukingo ukining'inia hewani. Kokoto moja ya ukubwa wa ndimu chini ya tani tano inatosha. Na palipotandazwa mchanga, maji ya ziada yanayomwagika kila usiku huuchimba upande mmoja mpaka tangi likaegemea pembeni. Pitisha kisu cha bapa kuzunguka kitako chote: kikiingia ndani mahali popote, hapo hapabebi kitu.

Msingi unaofaa ni sahani ya zege ya unene wa sentimita 10 yenye wavu wa nondo, uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, iliyopimwa kwa pima maji, laini juu, na inayozidi kitako kwa sentimita 15 kila upande. Imwagilie maji siku saba, isipungue hapo. Kwenye mnara wa chuma, bati nene au mbao zilizobanana bila nafasi zifunike eneo lote. Bomba la maji ya ziada lishuke mpaka mbali na msingi.

Ufa wa kona wenye urefu unaozidi kiganja, kwa maoni yetu, usichomelewe kwa tangi linalokaa juu ya mnara au juu ya paa wanapopita watu. Ukifunguka, hautavuja taratibu. Tangi la namna hiyo lishushwe, na likichomelewa litumike ardhini tu, likiwa limejaa chini ya nusu.

Ufa wa wima ubavuni

Ukikuta ufa wa kwenda juu, upande unaotazama jua la mchana, jiulize umri wa plastiki. Mionzi ya jua hukata minyororo ya polietilini kidogo kidogo kuanzia ngozi ya nje. Matangi meusi yametiwa masizi ya kaboni ndani ya plastiki yenyewe, na hiyo ndiyo kinga bora ya jua iliyopo. Yenye rangi nyingine hutegemea dawa za kuzuia mionzi, na hizo huisha nguvu kwa miaka.

Kuna jaribio la dakika moja. Chukua kisu kikali na uparuze ukingo wa ufa kama unayemenya muhogo. Plastiki iliyo hai hutoa uzi mrefu unaojikunja. Iliyozeeka hutoa chembe na unga, na ukisugua kidole ukutani kinatoka na vumbi jeupe. Ukipata uzi, tengeneza. Ukipata unga kwenye ngozi ya juu tu, na chini yake uzi, bado unaweza kutengeneza baada ya kuparua ngozi hiyo. Ukipata unga mpaka ndani, usipoteze hela: moto wa kuchomelea wenyewe utapasua pembeni.

Jua linazuiliwa kwa kivuli. Paa la makuti au la bati lililoinuliwa kidogo, au tangi kukaa upande wa mashariki wa nyumba lipate kivuli alasiri, yote yanasaidia kuliko rangi ya kupaka, ambayo hubanduka kwa sababu ileile inayobandua gundi.

Paa na shingo

Nyufa za juu hazivujishi maji, kwa hiyo huachwa, nazo huingiza vumbi, mbu na mwanga unaootesha ukungu wa kijani. Husababishwa na mtu kusimama juu ya tangi wakati wa kusafisha, au na hewa. Kama kifuniko kimebana kabisa na pampu inavuta kwa nguvu, tangi hunyonywa ndani kama chupa ya maji iliyofyonzwa, na paa hujikunja likavunjika. Weka tundu la hewa lenye wavu wa mbu, na kipenyo chake kisiwe chini ya cha bomba linalotoa maji. Ufa wa paa unachomelewa kwa urahisi kwa kuwa haubebi maji.

Ufa wa nyota unatokana na pigo tu: jiwe, nazi iliyodondoka, tangi lililoviringishwa juu ya mawe wakati wa kusafirishwa. Tafuta ncha za miale yote kabla ya kuanza.

Vinyufa vingi vidogo

Utando wa nyufa ndogo zisizo na mwelekeo, hasa kuzunguka sehemu zinazovutwa, mara nyingi ni kazi ya sabuni na kemikali. Sabuni na dawa za usafi hupenya kwenye polietilini iliyo na mvuto na kuharakisha kupasuka kwake, hata kama plastiki haionekani kuyeyuka. Ndiyo maana hatushauri ile njia maarufu ya kusugua kipande cha sabuni kwenye ufa ili kuzuia maji. Huzuia kwa siku chache huku ikiurefusha ufa. Kwa dharura, shusha maji yawe chini ya ufa na bandika tepu ya lami kwa nje. Tangi lenye utando wa nyufa halitengenezeki.

Kuchomelea

Mtaani kazi hii hupelekwa kwa mafundi wa bampa za magari. Mkono wanao, lakini angalieni vitu viwili. Bampa nyingi ni polipropilini, na fimbo zake za kuchomelea hazishikani na polietilini ingawa zinaonekana kushika. Na zile pini za chuma wanazozamisha kwa moto kufunga bampa ni njia mpya ya maji ukizitia kwenye tangi.

Fimbo bora kuliko zote ni lile duara lililokatwa wakati wa kutoboa tangi lako. Likate vipande vyembamba vya upana wa milimita 4. Kama halipo, nunua fimbo ya polietilini na uijaribu kwanza: yeyusha kipande kwenye sehemu iliyoparuliwa, acha kipoe kabisa, kisha kivute kwa koleo. Kikibanduka kizima, si aina moja. Kikinyumbuka na kukatika huku mzizi umebaki ukutani, endelea.

Mwaga maji yote na uache tangi wazi siku nzima likauke. Maji yaliyojificha ndani ya ufa huchemka wakati wa kuyeyusha na kuacha matundu ya mvuke. Tafuta ncha za ufa kwa kupaka wino wa maka pen na kuufuta haraka, wino utabaki ndani ya ufa. Ncha halisi iko mbele ya unayoiona, kwa hiyo toboa kwa biti ya milimita 5, kiasi cha milimita 5 hadi 10 kupita ncha hiyo. Tundu la duara hugawanya mvuto uliokuwa umejikusanya kwenye ncha kali, nao ufa husimama. Kuruka hatua hii ndiyo sababu kubwa ya ufa kutokea upya mbele ya kiraka.

Chimba mfereji wa umbo la V kufuata ufa. Kama ukuta una unene wa milimita 6, mfereji uwe na kina cha 4. Parua na kingo, sentimita 2 kila upande, mpaka plastiki mpya inayong'aa itokeze. Futa kwa spiriti na kitambaa cheupe. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala thina, hizo huingia ndani ya plastiki na kuharibu muungano, na harufu yake itabaki kwenye maji ya kunywa. Usiguse tena kwa vidole, na anza kuchomelea saa hiyohiyo.

Hiti gani (mashine ya mkononi inayopuliza hewa ya moto) iliyowekwa nyuzi 270 hadi 300 kwenye mdomo wa upepo inatosha. Pasha fimbo na mfereji kwa pamoja, ukitikisa mdomo wa mashine kati ya hivyo viwili. Kinachotafutwa ni mng'ao: sekunde chache kabla ya kuyeyuka, uso wa plastiki hubadilika ukawa kama umepakwa mafuta. Hapo ndipo unapokandamiza fimbo na kusonga mbele, sentimita 10 hadi 15 kwa dakika. Kazi nzuri huacha ukingo mdogo uliovimba pande zote mbili za fimbo. Ukiona moshi umeunguza. Plastiki iliyoungua iparue, usichomelee juu yake. Ukiona fimbo imeyeyuka huku ukuta ukiwa mkavu, umeweka nta tu juu ya ukuta baridi.

Bila hiti gani, pasi ya kulehemu waya ya wati 80 au 100 yenye ncha bapa itafanya kazi kwa ufa mfupi. Kisu kilichopashwa kwenye mkaa pia huyeyusha, ila kifutwe masizi kila kinapotoka motoni.

Pitisha fimbo mara mbili au tatu mpaka mfereji ujae na kuzidi ukuta kwa milimita 2. Acha ipoe yenyewe. Maji ya kupozea yanafungia mvuto ndani ya kiungo, nacho hupasuka wiki ijayo. Kisha rudia upande wa ndani, kwa sababu kiraka cha ndani husukumwa na maji kikabane ukutani, na cha nje husukumwa kibanduke.

Kuingia ndani ya tangi si jambo la mtu mmoja. Mvuke wa plastiki ni mbaya na hewa ni chache. Puliza hewa kwa feni kutoka mdomoni, mtu wa pili akae nje muda wote akikuona, usiingie na spiriti, na waya wa umeme usiwe na kiungo kilichofungwa kwa tepu. Kama mdomo ni mdogo kuliko mabega yako, chomelea nje tu.

Kujaza tena

Subiri mpaka kesho yake. Jaza robo, kaa saa sita, kagua kwa kitambaa kikavu. Nenda nusu, halafu robo tatu, halafu ijae. Kabla ya kunywa, suuza, mwaga, kisha jaza na utie jiki isiyo na manukato: kama lebo inasema klorini asilimia 3.5, weka lita 1.5 kwa kila lita 1,000, liache tangi usiku kucha, kisha mwaga yote na usuuze tena.

Tangi jipya au lililotengenezwa lisiachwe tupu juu ya mnara. La lita 1,000 likiwa tupu halifiki hata kilo 40, na upepo wa kusi huliangusha kwa urahisi, kwa hiyo lifungwe kwa mikanda bapa, wala si waya unaokata plastiki. Wala usilizike ardhini tangi lililotengenezwa kukaa juu, kwa kuwa udongo uliolowa hulisukuma ndani siku maji yakiisha. Na siku fundi anapotoboa tundu la toleo, mwambie akupe lile duara, liandike tarehe, ulitundike stoo.